Muda uliokuwapo: tetemeko la Sumatra la 2004 na athari zake hadi pwani ya Waswahili

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, saa 1:58 asubuhi kwa saa za Sumatra, sakafu ya bahari iliyo magharibi ya kisiwa hicho ilipasuka. Mombasa na Dar es Salaam ilikuwa saa 9:58 usiku, watu wamelala. Kabla siku haijaisha, bahari ilikuwa imeua katika nchi 14, kuanzia Indonesia hadi Afrika Kusini. Waliokufa na waliopotea wanakadiriwa kufika karibu 230,000: Indonesia karibu 167,000, Sri Lanka karibu 35,000, India karibu 16,000, Thailand karibu 8,000. Somalia ilipoteza watu karibu 300, Tanzania wasiopungua 10, Kenya mmoja.

Ukizisoma hesabu hizo harakaharaka utadhani umbali ndio ulioamua kila kitu: aliye karibu akafa, aliye mbali akapona. Umbali ulichangia sana, lakini hauelezi kwa nini kisiwa kilichokuwa jirani kabisa na chanzo kilipoteza watu 7 tu, wala kwa nini waogeleaji wa Dar es Salaam walikufa ilhali wimbi lilikuwa safarini kwa muda wa saa 9. Hoja yetu ni kwamba kila pwani ilipewa muda wake, mwingine dakika 8, mwingine saa 9, na tofauti kubwa ilitokana na nani alijua la kufanya na muda huo.

Chini ya bahari

Ganda la dunia limegawanyika katika vipande vikubwa viitwavyo mabamba. Katika mfereji wa Sunda, bonde refu la chini ya bahari magharibi ya Sumatra, bamba la Hindi huzama chini ya bamba dogo la Burma kwa sentimita chache kila mwaka. Sehemu zinazogusana hukwama. Bamba la chini linaendelea kusukuma, la juu linavutwa na kujipinda, na hali hiyo hudumu karne kadhaa hadi pale palipokwama paachie. Siku ile paliachia katika kina cha kilomita 30 hivi, kaskazini ya kisiwa cha Simeulue, na mpasuko ukakimbia kuelekea kaskazini hadi visiwa vya Andaman. Urefu wake ulikuwa kilomita 1,200 hadi 1,300, yaani zaidi kidogo ya kutoka Kismayu hadi Mtwara. Ulichukua dakika 8 hadi 10 kumalizika. Mahali pengine mabamba yaliteleza zaidi ya mita 15, na sakafu ya bahari ikainuka mita kadhaa ikiwa imebeba maji yote yaliyokuwa juu yake. Tsunami ni maji hayo yakijaribu kurudi usawa.

Huo urefu wa muda ndio uliowaponza wataalamu. Kituo cha Onyo la Tsunami cha Pasifiki kilichoko Hawaii kilitoa taarifa yake ya kwanza dakika 15 baada ya tetemeko, kikitaja ukubwa wa 8.0. Njia za haraka za kupima husoma mawimbi ya mwanzo yanayofika kwenye vipima mitetemo. Tetemeko la kawaida hapo huwa limekwisha, lakini hili lilikuwa bado linapasuka. Saa moja hivi baadaye kikapandisha hadi 8.5. Ukubwa wa karibu 9 ulijulikana baada ya saa nne na zaidi, wakati Banda Aceh, mji mkuu wa mkoa wa Aceh kaskazini mwa Sumatra, ilikwisha kufutika. Kutoka 8.0 hadi 9.1, ambayo ndiyo hesabu inayotumika leo, nishati huongezeka mara 45 hivi, kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo ni mara 32.

Hata wangeipata namba sahihi mapema, hawakuwa na mtu wa kumpigia. Kituo kile kilihudumia nchi za Pasifiki. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa onyo, haikuwa na maboya ya kupima tsunami kwenye kina kirefu, na nchi zake hazikuwa na orodha ya namba za simu zinazopokewa usiku na mchana. Watumishi wa kituo walithibitisha kuwa kuna maafa kwa kusoma habari kwenye intaneti. Asubuhi hiyo wakawasiliana na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuhusu hatari ya Madagaska na Afrika. Kwa hiyo kuna watu waliowaza kuhusu upande wetu wakati wimbi bado liko njiani. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwenye dawati lao hadi kwa mtu aliyesimama mchangani.

Waliokuwa na dakika

Banda Aceh walikuwa na dakika 15 hadi 20 baada ya ardhi kutulia. Wengi walizitumia kutoka nje ya nyumba, kuangalia nyufa na kutafutana. Hilo ni jambo la kawaida kwa mtu aliyefundishwa hatari ya tetemeko lakini hajafundishwa hatari ya bahari. Huko Lhoknga, upande wa magharibi, maji yalipanda zaidi ya mita 30 kwenye miteremko. Meli ya kuzalisha umeme, PLTD Apung, yenye uzito wa tani 2,600, ilibebwa kilomita kadhaa ndani ya mji, na ipo pale hadi leo. Msikiti mkuu wa Baiturrahman ulibaki umesimama, na hata kule Lampuuk msikiti wa Rahmatullah ulibaki peke yake kijiji kizima kilipoondoka. Waumini wana maelezo yao. Wahandisi nao wanaonyesha nguzo nene na ukumbi ulio wazi pande zote, ambao unayaacha maji yapite badala ya kuyazuia kama unavyofanya ukuta wa tofali.

Sasa linganisha na Simeulue, kisiwa kilichokuwa jirani zaidi na chanzo. Kwenye kijiji cha Langi wimbi lilifika dakika 8 tu baada ya tetemeko, na lilizidi mita 10. Nyumba zilikwisha, lakini watu wote, wapatao 800, walikuwa mlimani. Katika kisiwa chenye watu karibu 78,000 walikufa 7. Mwaka 1907 tsunami iliwahi kuua watu wengi hapo, na waliobaki waliipa jina: *smong*. Wakaisimulia kwa wajukuu, wakaitia kwenye nyimbo za kubembeleza watoto. Fundisho lina hatua tatu tu: ardhi ikitikisika kwa nguvu na kwa muda mrefu, maji yakakauka ghafla, panda mlimani na usisubiri kuulizana. Hakuna kituo chochote cha onyo duniani kingeweza kuwafikia watu wa Langi ndani ya dakika 8. Elimu hiyo ilikuwa tayari kichwani mwa kila mtu, na mlima ulikuwa karibu. Yote mawili yanahitajika, maana kumjulisha mtu akimbie mahali pasipo na mwinuko ni kumpa hofu bila msaada.

Treni ya Peraliya

Sri Lanka ilikuwa na muda wa karibu saa mbili. Watu wake hawakusikia mtikisiko wa kuwashtua, kwa hiyo dalili ya kwanza ya Simeulue haikuwapo.

Treni ya Samudra Devi ilikuwa ikienda kusini kutoka Colombo, imejaa abiria wa sikukuu, kwenye reli inayopita mita chache kutoka ufuoni. Habari kwamba bahari imevamia nchi kavu ziliifikia ofisi ya reli. Wakapiga simu stesheni ya Ambalangoda ili treni izuiwe. Simu haikupokewa, kwa sababu wafanyakazi walikuwa nje wakihudumia treni yenyewe. Ilipopokewa, treni ilikuwa imeshaondoka. Karibu na kijiji cha Peraliya wimbi la kwanza likaizingira, ikasimama. Wanakijiji wakaona mabehewa ni mazito na yako juu, wakapanda ndani na juu ya paa, wengine wakajibanza nyuma yake. Wimbi lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Likayang'oa mabehewa na kuyaviringisha. Walikufa watu zaidi ya 1,700, ajali mbaya kuliko zote zilizowahi kutokea kwenye reli.

Makosa mawili ya hapo yatajirudia popote. Onyo lilitegemea simu moja, mezani pa mtu mwenye kazi nyingine ya kufanya wakati huohuo. Na watu walidhani wimbi la kwanza ndilo tsunami yenyewe. Tsunami huja kwa mfululizo, mawimbi yakipishana dakika 10 hadi 40 au zaidi, na mara nyingi la pili au la tatu ndilo kubwa. Katikati yake maji hurudi nyuma, samaki hubaki wakirukaruka mchangani, na watoto hushuka kuwaokota.

Kuvuka bahari

Wengi bado wanaifikiria tsunami kama ukuta wa maji unaokimbia juu ya bahari yote, na hapo ndipo wanapokosea kuhusu usalama wa vyombo. Kasi yake hutegemea kina: chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili, utapata mita kwa sekunde. Kwenye kina cha mita 4,000 ni karibu kilomita 710 kwa saa. Kwenye mita 10 ni kilomita 36 tu kwa saa. Setilaiti ya Jason-1 ilipita juu ya wimbi hili saa mbili baada ya tetemeko na kulipima: sentimita 60 hivi katikati ya bahari, na urefu wake kutoka kilele hadi kilele mamia ya kilomita. Baharia aliyekuwa juu yake hakuhisi kitu. Linapofika maji machache sehemu ya mbele hupunguza mwendo, ya nyuma huifikia, na maji hujazana kwenda juu. Kwa hesabu ya kawaida, sentimita 60 kwenye kina cha mita 4,000 huwa mita 2.7 hivi kwenye kina cha mita 10, kabla umbo la ghuba au ufuo halijaongeza au kupunguza.

Mpasuko ulilala kwa jumla kaskazini-kusini, na tsunami hutupa nguvu zake nyingi ubavuni mwa mpasuko. Ubavu mmoja ni Thailand. Ubavu wa pili ni Sri Lanka, India, Maldivi, na ukiendelea moja kwa moja magharibi, Somalia. Ndiyo maana Puntland, kaskazini mashariki ya Somalia, umbali wa kilomita 5,000 hivi, ilipata mawimbi yaliyopanda mita 5 hadi 9 kati ya Hafun, Bandarbeyla na Eyl, wakati nchi kadhaa zilizo karibu zaidi lakini nje ya mstari huo, kama Bangladesh, hazikuumia kiasi hicho.

Hafun iliumia kuliko mahali pengine popote barani Afrika. Mji ulijengwa kwenye ulimi wa mchanga ulio chini, unaounganisha rasi na bara, bila mwinuko wa karibu na bila mwamba wa matumbawe wa kuvunja nguvu za maji. Desemba ni msimu wa uvuvi huko, kwa sababu wakati wa kusi bahari haiingiliki. Kwa hiyo mashua, nyavu na mitego yote ilikuwa ufuoni au majini. Wimbi lilichukua muda wa saa 7 kufika. Serikali kuu inayofanya kazi haikuwapo tangu 1991. Hapakuwa na ofisi ya kupokea onyo hata kama lingetumwa, na mji ukajengwa upya baadaye mbali zaidi na maji.

Kenya na Tanzania

Wimbi lilifika Lamu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam karibu na adhuhuri, baada ya saa 9 hivi. Habari zilikuwa zikitangazwa kwenye televisheni tangu asubuhi. Kenya iliamua kuwaondoa watu ufuoni, polisi wakapita kwenye fukwe za hoteli na za umma. Mtu mmoja alizama upande wa Malindi na Watamu, na vyombo vidogo kadhaa viliharibika. Dar es Salaam, siku ya pili ya Krismasi na tena Jumapili, fukwe zilikuwa zimefurika watu. Wengi wa waliokufa Tanzania walikuwa wakiogelea, watoto wakiwamo. Bandarini meli ya mafuta iligusa chini kwa muda na bomba likaharibika, kwa sababu maji yalikupwa ghafla kuliko inavyosomwa kwenye jedwali lolote.

Tuliseme hili wazi: tofauti ya Kenya na Tanzania siku ile haikuwa ya mitambo. Hakuna kati ya nchi hizo iliyokuwa na mfumo wa onyo. Kilichofanya kazi Kenya ni mtu mwenye mamlaka aliyeangalia habari na kukubali kwamba maji ya Sumatra yanaweza kufika kwake, akatoa amri kabla ya kuthibitishiwa.

Bahati nayo ilisaidia, na haifai kuisahau. Usiku wa tarehe 26 mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo yalikuwa maji ya bamvua. Mvuvi yeyote wa pwani hii anajua siku za bamvua maji hukauka asubuhi na kujaa alasiri, na tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3 hadi 4. Wimbi lilitufikia maji yakiwa bado chini. Sehemu kubwa ya nguvu zake iliishia kwenye mwamba wa nje na ndani ya maji machache yaliyo nyuma yake. Ongeza mita moja na nusu juu ya bamvua lililojaa saa 10 alasiri, na Malindi, Mji Mkongwe na Kigamboni zingekuwa na kisa kingine kabisa. Anayesema "mwamba unatulinda" anasahau pia milango. Pale mwamba unapokatika ndipo maji huingia na kutoka kwa kasi, na ndipo waogeleaji na ngalawa hupatikana.

Baada ya maji kuondoka

Vifo havikugawanyika sawa. Katika vijiji vinne vya Aceh Kaskazini vilivyochunguzwa na shirika la misaada la Oxfam, kati ya waliokufa 366, wanawake walikuwa 284. Wanaume wengi walikuwa baharini, mbali kwenye maji marefu ambako wimbi halikuhisika, au sokoni. Wanawake walikuwa nyumbani na watoto mikononi, na wengi hawakuwahi kufundishwa kuogelea wala kupanda mti.

Athari iliyodumu zaidi kwa watu wa kawaida, na inayotuhusu moja kwa moja, ilikuwa ya visima. Sri Lanka makumi ya maelfu ya visima vifupi vilijaa maji ya chumvi. Chini ya mchanga wa pwani maji baridi huelea juu ya yale ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kwa kila sentimita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna sentimita 40 hivi chini yake. Kwa hiyo ukikivuta kisima kwa pampu na kukishusha kwa nguvu, unayapandisha ya chumvi kutoka chini. Ndivyo ilivyotokea: vikundi vya msaada vilikuja na pampu, vikakausha kisima kimoja mara nne, tano, majirani wote kwa siku ileile, na maji machafu yakamwagwa hatua chache kutoka kisimani yakarudi. Chumvi ikabaki au ikazidi, na baadhi ya visima vikabomoka kuta. Klorini nayo ilitiwa ovyo. Inaua vijidudu, lakini haiondoi chumvi hata kidogo.

Utaratibu uliokuja kupendekezwa ni huu. Toa takataka na tope mara moja. Vuta taratibu, usikishushe kisima chote, na umwage mbali upande wa mteremko. Safisha vijidudu, halafu waletee watu maji ya kunywa kwa malori hadi mvua ziisukume chumvi chini, jambo linaloweza kuchukua misimu ya mvua miwili au zaidi. Lamu hunywa maji yanayotoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na vijiji vingi vya kusini na mashariki ya Unguja vina visima vya namna hiyohiyo. Mpango wa visima uandikwe kabla ya maafa, kwa sababu pampu ikishafika haitasubiri kikao.

Mashamba ya Aceh yalifuata kanuni hiyohiyo ya mvua na mifereji. Pale maji yalipoweza kutoka, mpunga ulirudi mapema. Pale mifereji ilipoziba kwa tope, chumvi ilibaki. Kuna wakulima waliopanda karanga zikastawi majani vizuri, halafu zikang'olewa maganda yakiwa matupu.

Fedha zilikuwa nyingi kuliko maafa yoyote ya kabla yake, zaidi ya dola bilioni 13. Tathmini iliyofanywa baadaye ilikuta ni kama dola 7,100 kwa kila aliyeathirika, wakati waliokumbwa na mafuriko ya Bangladesh mwaka huohuo walipata dola 3 kila mmoja. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliacha kupokea michango ya tsunami siku chache tu baada ya kuanza, likisema ilitosha. Fedha zikitangulia mipango, hununua kinachoonekana kwenye picha. Mashua ziligawiwa kwa wingi Sri Lanka na Aceh, nyingine nyembamba mno kwa bahari ya huko, nyingine kwa watu ambao hawakuwa wavuvi, na hofu ya kuvua kupita kiasi ikafuata. Serikali ya Sri Lanka nayo ilipiga marufuku kujenga ndani ya mita 100 kutoka majini upande wa kusini na mita 200 upande wa mashariki. Mvuvi akahamishwa mbali na chombo chake, hoteli zikapata nafuu, na baada ya malalamiko masharti yakalegezwa. Kuwahamisha wavuvi bila kuuliza nani atalinda mashua usiku ni kosa linalofanyika hadi sasa.

Siasa nazo zilibadilika, lakini kila mahali kwa njia yake. Aceh ilikuwa na vita vya kudai uhuru tangu 1976. Mawasiliano ya siri kati ya serikali na waasi wa GAM yalikuwa yameanza kabla ya tetemeko. Maafa yakafungua mkoa kwa wageni na kuzipa pande zote sababu ya kuharakisha, na tarehe 15 Agosti 2005 mkataba ukatiwa saini Helsinki chini ya usuluhishi wa Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland. Sri Lanka pande zinazopigana zilijaribu kuunda chombo cha pamoja cha kugawa misaada, mahakama ikakisimamisha, na vita vikarudi hadi 2009.

Ardhi haikutulia

Kusini mwa Kisiwa Kikuu cha Nicobar, ncha ya India iitwayo Indira Point ilizama zaidi ya mita 4, mnara wake wa taa ukabaki ndani ya maji. Kwingineko, Simeulue na Andaman ya Kaskazini, matumbawe yaliinuliwa nje ya maji na kufa juani.

Mpasuko ukiachia sehemu moja huongeza mzigo kwenye sehemu ya jirani. Tarehe 17 Machi 2005 wanasayansi wa chuo kikuu cha Ulster walichapisha hesabu zilizoonyesha kuwa mzigo umeongezeka upande wa kusini. Siku 11 baadaye, tarehe 28 Machi, tetemeko la 8.6 lilipiga Nias na Simeulue na kuua watu zaidi ya 1,000. Hawakutabiri siku, na hakuna awezaye kufanya hivyo. Walionyesha mahali, na hilo linatosha kumfanya mwenye nyumba iliyopasuka asirudi kulala ndani.

Kilichojengwa, na kinachobaki

Chini ya UNESCO nchi za Bahari ya Hindi zilianzisha mfumo wao wa onyo mwaka 2005. Tangu 2011 taarifa hutolewa na vituo vitatu, vya India, Indonesia na Australia, na kwetu hupokewa na idara za hali ya hewa za Kenya na Tanzania. Jaribio la kweli lilikuja tarehe 11 Aprili 2012, tetemeko la 8.6 magharibi ya Sumatra. Onyo lilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mabamba safari hii yalipishana kwa ubavu badala ya kupandiana, sakafu haikuinuka sana, na tsunami kubwa haikutokea. Baadhi ya watu wakaona wamekimbizwa bure. Haikuwa bure: dakika za kwanza mitambo inajua ukubwa wa tetemeko kabla ya kujua namna lilivyoteleza, na kwa aliye karibu hakuna nafasi ya kusubiri jibu la pili.

Kipande kinachobaki dhaifu ni kile cha Ambalangoda, yaani kutoka ofisini hadi mchangani. Kikundi cha usimamizi wa ufuo kinahitaji angalau watu wawili wa kupokea simu, wasio na kazi moja, na njia mbili za kutangaza, kwa mfano spika za msikiti na mbiu ya mtaa, zisizotegemea umeme mmoja. Njia ya kukimbilia ijaribiwe kwa miguu na mzee na mtoto, na ikiwa hakuna kilima ndani ya dakika 15, litafutwe jengo imara la zege la ghorofa tatu au zaidi. Mtu asirudi hadi mamlaka itangaze, maana maji huendelea kupanda na kushuka kwa saa nyingi.

Kwa vyombo, ushauri wa "kimbilia maji marefu" hautumiki sawa kila mahali. Nje ya mwamba wa Kenya kina huongezeka haraka, na nahodha mwenye muda wa saa tatu anaweza kufika mita 100 na zaidi. Mkondo wa Pemba nao una kina kirefu sana. Lakini mkondo kati ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu, na vivyo hivyo kuelekea Mafia. Walioko hapo na muda mfupi waiache mashua, wapande nchi kavu. Bandari ziamue mapema meli ipi inatoka kwanza na ipi inakatiza kupakua mafuta na kufunga valvu, kwa kuwa kinachovunja bandari katika wimbi dogo ni mikondo na kushuka kwa maji zaidi ya kimo chake.

Sumatra si chanzo pekee. Tarehe 27 Novemba 1945 mfereji wa Makran, nje ya pwani ya Pakistan na Iran, ulitoa tetemeko la 8.1 na tsunami iliyoua watu wengi. Kutoka huko hadi Lamu, kwa kasi ya bahari kuu, ni safari ya saa 5 hadi 6, na Hafun hupigwa mapema zaidi. Kwa ndugu zetu wa Muscat na Sur, huko Oman, muda ni chini ya saa moja. Mtu wa Sur hapaswi kusubiri simu kutoka kituo cha Muscat: mtikisiko mrefu ndio onyo lake. Mtu wa Lamu hatahisi mtikisiko wowote, atakuwa ameketi barazani bahari ikiwa shwari, na kwake simu ndiyo dalili pekee. Kwa hiyo Sur wafundishwe kusoma ardhi, na Lamu wahakikishe kila siku kwamba kuna mtu wa kuipokea simu.